Kopo la Vifungo Vinne

Karakana ya kushonea mashati ilikuwa na cherehani nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa na adabu. Ya nne ilipewa jina, Bi Kisirani, kwa sababu chombo chenye tabia mbaya kiasi kile kisipokuwa na jina utakitukanaje. Kanyagio lake lilikuwa zito, uzi aliukata alipojisikia, na sindano yake iliruka mshono pale pale kwenye kola, ambapo mteja hutazama kwanza. Mwenye karakana alianza kuahidi kumuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu tangu wanawe hawajaota meno. Sasa wanawe walikuwa na ndevu, na Bi Kisirani bado alikuwa kwenye kona yake chini ya dirisha bovu.

Mafundi walikuwa wanne, wote wanawake, na kila wiki mmoja wao ilimbidi aketi naye. Aliyeketi naye Jumatatu hadi Jumamosi alirudi nyumbani na kiuno kisichotaka hata salamu. Zamani walikuwa wakigombana. Huyu alisema ana mimba, yule ana mgongo, mwingine aliwahi alfajiri na kukalia kiti kizuri kama aliyezaliwa nacho. Mpaka siku Mama Pindo, mkubwa wao kwa umri na kwa sauti, alipoleta kopo tupu la maziwa ya unga, akatia ndani vifungo vinne vya shati, vyeupe vitatu na chekundu kimoja, vyote vya ukubwa mmoja ili kidole kisipate cha kuiba. Jumatatu asubuhi kopo lilitikiswa, macho yakafumbwa, kila mmoja akachota chake. Aliyetoka na chekundu alikwenda kwa Bi Kisirani bila neno.

Sasa hapa pana utaratibu mmoja ambao ni vizuri uushike, maana ndio ulioleta yote. Aliyekwisha kuchota chekundu hakuligusa tena kopo mpaka wenzake wote nao waonje. Wiki ya pili walitoa cheupe kimoja, wakachota watatu waliobaki. Wiki ya tatu walichota wawili. Wa mwisho hakuchota kabisa, alijijua. Kisha mzunguko ukaanza upya. Mama Pindo alikuwa na kauli yake juu ya jambo hilo, na aliitoa kila Jumatatu kama mtu anayefungua kikao.

"Aliyekula zamu yake hana kesi na kopo."

Ilikuwa haki, na wanawake wale waliithamini kwa sababu penginepo maishani hawakuwa wameiona mara nyingi. Ukishapata chekundu, ulikuwa na hakika ya wiki tatu za amani. Walikuwa wameishi na kopo lile kwa miaka, hata hawakujua tena kama ni wao waliolitunga au ndivyo dunia ilivyo.

Kati yao alikuwamo mmoja aliyeitwa Mama Matundu. Halikuwa tusi. Hakuna aliyemfikia kwa matundu ya vifungo: angepasua kitambaa, akalizungushia uzi na kulifunga huku anasikiliza habari za msiba, na tundu likatoka limenyooka. Kazi alifundishwa na mama yake mdogo, aliyemlea baada ya mama mzazi kufariki, na aliyeamini kwamba binti yatima mwenye sindano mkononi halali njaa. Alikua peke yake, hana kaka wala dada, na pengine hilo ndilo lililomfanya awe mtu wa maneno machache na msimamo mgumu. Akishaamini jambo, ungemletea baraza zima la wazee asing'oke.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Walikutana pale pale karakanani, alipokuja kutengeneza bomba la uani lililokuwa likivuja. Kazi ya saa moja ilimchukua siku tatu, na Mama Pindo akatangaza kwamba bomba lile lazima lina ugonjwa wa moyo. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameoana.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kike, na alipoanza kusema alianza kwa kuamrisha. Baba yake akambandika jina la Bi Mkubwa, nalo likaganda. Lakini kabla ya kusema alikuwa amelia. Alipokuwa bado ananyonya, vidole vyake vilivimba, akatoa kilio ambacho hakikuwa cha njaa wala cha usingizi, kilio cha mtu mzima ndani ya kifua cha kitoto. Walimkimbiza hospitali. Ilichukua muda, na sindano nyingi, mpaka neno likapatikana: selimundu, ugonjwa wa chembe za damu. Mtaalamu mmoja mwenye haraka, foleni ikiwa imefika mlangoni, aliwaeleza kwamba ugonjwa huu mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, na kwamba wao wenyewe ni wazima ila kila mmoja ameubeba bila kujijua. Mkizaa tena, alisema, uwezekano wa kupata mgonjwa ni mmoja kati ya wanne. Kisha akaita jina la mtu mwingine.

Mmoja kati ya wanne. Mama Matundu alilichukua neno lile kama lilivyo, akalikunja, akaliweka.

Miaka ikapita, na haikupita kwa upole. Kulikuwa na miezi ambayo Bi Mkubwa alikwenda shule, akacheza, akagombana na wenzake mpaka mwalimu akamweka mbele kuwa kiranja ili apate kazi halali ya kugomba. Halafu maumivu yangekuja, bila hodi, na kumlaza. Walijua wodi ile kuliko walivyoijua sebule yao. Kadiri alivyokua, mtoto aliacha kulia. Alikuwa ananyamaza tu, ametumbua macho kwenye dari, na kunyamaza kule kulimkata mama yake maini kuliko kilio. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama Matundu angejibu kwamba hata mzazi haujui; anaukodolea macho tu kutoka nje.

Bi Mkubwa alipofika miaka minane, mama yake alianza kutaka mtoto mwingine. Alimtaka kwa nguvu zake zote, na sababu yake ilikuwa moja: hakutaka binti yake abaki duniani peke yake, kama alivyobaki yeye. Mumewe hakutaka kusikia.

"Nikikisikia tena kile kilio ndani ya nyumba hii, sijui kama nitabaki na akili zangu," alisema. "Mmoja anatutosha. Tumlee huyu huyu."

"Baba Bi Mkubwa, si walisema mmoja kati ya wanne?"

"Walisema."

"Basi huyo mmoja tunaye. Tumeshachota. Zamu yetu tumekula, waliobaki ni weupe watatu."

Alimsimulia habari ya kopo, tangu Jumatatu ya kwanza mpaka ya nne. Fundi bomba alisikiliza huku anakwangua udongo chini ya kucha. Yeye naye alikuwa na dunia yake ya kazi, na katika dunia hiyo maji yakishapita kiungo hayarudi nyuma. Alilifikiria jambo lile siku kadhaa, akalizunguka kama anavyozunguka tangi akitafuta panapovuja, na mwisho akakiri.

"Hesabu yako nimetafuta pa kuitoboa, sijapaona."

Kuuliza si ujinga, watu husema, na watu hao hao hawaulizi. Hawa wawili hawakumuuliza mtu. Kwa nini waulize? Walikuwa wameambiwa na mtaalamu, kwa kinywa chake, na hesabu iliwakubali. Karakanani nako mambo yalikuwa yale yale. Mama Matundu alipotoa habari kwamba ni mjamzito, Mama Pindo alisimama, akampigia kigelegele, akasema sasa Mungu naye amefuata utaratibu wa kopo. Wakashona vishati vidogo kwa mabaki ya vitambaa, kila kimoja na matundu yake matatu yaliyonyooka.

Alizaliwa mtoto wa kiume, mnene, mwenye hasira. Walimwita Mgeni, kama mtoto mchanga anavyoitwa, na bado halikuwa limepatikana jina la kuliondoa. Bi Mkubwa alimkagua kuanzia kichwani, akasema pua si yao ila atasamehewa. Siku ya chanjo ya kwanza kliniki walimchoma kisigino, wakachukua tone la damu, kwa kuwa dada yake alikuwa kwenye daftari lao. Mama akaambiwa arudi kuchukua majibu.

Hakuogopa. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba wiki zile za kusubiri alilala usingizi mtamu. Asubuhi ya majibu mumewe alitaka kuacha kazi waende pamoja, naye akamkatalia.

"Nenda kazini kwako. Majibu ya kwenda kusikiliza wawili ni yale usiyoyajua."

Muuguzi wa kliniki ya watoto alikuwa mwanamke wa makamo aliyemjua Bi Mkubwa tangu akiwa wa kubebwa. Chumba chake kilikuwa na mizani ya kupimia watoto, meza, viti viwili na safu ya vikombe vidogo vya plastiki vya kunyweshea dawa. Alimpokea Mama Matundu, akamfunua Mgeni uso, akamtazama kwa muda. Karatasi ilikuwa mkononi mwake.

"Baba yuko wapi leo?"

"Kazini, sista. Nilimwambia asipoteze siku. Majibu tunayajua."

"Mnayajua?"

"Mzima. Mgonjwa wetu si tulishampata? Mmoja kati ya wanne. Zamu yetu tulikula kwa Bi Mkubwa."

Muuguzi aliilaza karatasi mezani kifudifudi.

"Zamu gani, mama?"

Mama Matundu, ambaye kwa kawaida maneno yake ungeyahesabu, alieleza kopo lote kwa furaha: Bi Kisirani, vifungo, kauli ya Mama Pindo. Muuguzi hakucheka hata pale panapochekesha. Mama Matundu alipomaliza, muuguzi alinyanyuka, akafunga mlango. Nje foleni ilianza kunung'unika.

"Nani aliwaeleza hivyo?"

"Nyinyi wenyewe. Hapa hapa, chumba kile cha pili."

Muuguzi alivuta pumzi. Wapo watakaosema angesoma karatasi yakaisha. Lakini alimwona mwanamke aliyejenga juu ya msingi usiokuwepo, na aliona kwamba akimsomea tu, mama huyu ataondoka akiamini kwamba karatasi imesema uongo au Mungu amemdhulumu.

"Una vifungo hapo?"

Kumuuliza fundi kama ana vifungo ni kumuuliza mchungaji kama ana fimbo. Mama Matundu alifungua kipochi, akamwaga rundo mezani. Muuguzi alichagua vinne, viwili vyeupe na viwili vyekundu. Alichukua vikombe viwili vya dawa. Katika kila kikombe alitia cheupe kimoja na chekundu kimoja.

"Hiki ni baba. Hiki ni wewe. Hivi ndivyo mlivyo nyinyi wenyewe. Kila mmoja ana cheupe, nacho kinamtosha, ndiyo maana hamuumwi. Mtoto akitungwa anapata kimoja kutoka huku na kimoja kutoka huku. Hachagui. Haya, fumba macho umchukulie."

Mama Matundu alifumba macho. Kwa baba alitoa cheupe. Kwake mwenyewe alitoa chekundu.

"Huyu ni mzima," muuguzi alisema. "Amebeba kama nyinyi, lakini haumwi. Rudisha, uchote tena."

Alirudisha, kila kimoja kikombeni mwake, akachota. Cheupe na cheupe. Akarudisha. Akachota. Alipofumbua macho, viganja vyote viwili vilikuwa na chekundu.

"Huyu ni Bi Mkubwa," alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo.

"Ndiye. Sasa rudisha."

Mkono wake haukusogea.

"Rudisha, mama."

"Kwetu chekundu hakirudi."

"Najua. Kwenu mlikubaliana kisirudi, ili kila mtu aonje na mwenzake apumzike. Ni haki, na mimi nimeipenda. Lakini huku hakuna aliyekubaliana na mtu. Vifungo hivi vimo mwilini mwenu. Bi Mkubwa ulimpa chekundu chako, si ndiyo? Na wewe bado unacho. Baba yake alimpa chake, naye bado anacho. Hakikutoka kwenu. Hakitoki."

Mama Matundu alitazama viganja vyake. Kuna ukweli unaoingia taratibu, kama maji chini ya mlango, na kuna ule unaoingia wote mara moja. Huu ulikuwa wa aina ya pili. Alivirudisha vyekundu viwili, kimoja huku kimoja huku, na vilipogusa plastiki vilitoa mlio mdogo sana.

Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi na asiyependa kuachiwa jambo nusu, alianza kuvipanga mwenyewe mezani. Cheupe cha baba na cheupe chake. Cheupe cha baba na chekundu chake. Chekundu cha baba na cheupe chake. Chekundu na chekundu. Hapakuwa na njia ya tano. Alijaribu kuitafuta, hakuipata.

"Njia nne," alisema. "Moja ndiyo mbaya."

"Moja."

"Kwa kila mtoto."

"Kwa kila mtoto, tangu mwanzo, kama vile hakuna aliyetangulia. Kuna watu kama nyinyi wamezaa sita, wote wazima. Kuna waliozaa wawili..." Muuguzi aliishia hapo.

Mgeni alikuwa ameamka, anatafuta titi. Mama yake alimpa, akamtengenezea kichwa vizuri, ndipo akasema:

"Sista, igeuze hiyo karatasi."

Muuguzi aliigeuza. Hakuisoma kwa lugha ya kitaalamu, wala hakuzunguka.

"Ni kama dada yake, mama. Pole sana."

Mama Matundu hakulia. Aliuliza kama kipimo kinaweza kukosea, akaambiwa kitarudiwa, lakini asiweke moyo wake wote hapo. Aliuliza amekosa nini.

"Hujakosa. Vikombe havina kisasi na mtu, wala havina huruma. Tuliokosa ni sisi. Tulikupa nusu ya neno, tukakuacha uende nayo nyumbani." Muuguzi alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akavuta kiti karibu. "Sasa nisikilize. Bi Mkubwa tulimjua kwa kilio. Huyu tumemjua kabla hajalia. Dawa za kumkinga anaanza mapema, na nyinyi mnajua cha kufanya. Si jambo dogo hilo."

Alisikiliza, akapokea dawa, akapokea tarehe. Akamfunga mtoto mgongoni na kutoka, na foleni iliyokuwa ikinung'unika ilimwona uso ikampisha.

Njiani akili yake ilikataa kupumzika. Mmoja kati ya wanne alikuwa Bi Mkubwa, na ndani ya huyo mmoja, tena mmoja kati ya wanne. Nne mara nne. Kwa hiyo ukichukua nyumba kumi na sita za watu kama wao, kila nyumba na watoto wawili, ni nyumba moja tu ambayo wote wawili wangetoka hivi. Alipita mtaa mrefu wa nyumba zilizobanana, milango wazi, redio zikiimba, nguo zimeanikwa, watoto wanamwagiana maji. Kumi na tano zimeepuka hili, likamwangukia yeye. Alijikuta anawachukia watu wa milango ile, ambao hawakumkosea kitu na ambao wengi wao walimwamkia kwa jina. Chuki ile ilimtisha. Aliitikia salamu zote, moja moja, mpaka akafika kwake.

Mumewe alikuwa amewahi kurudi, suruali imelowa magotini. Alisimama mlangoni na tabasamu lililokuwa tayari, na tabasamu lilipomwona mkewe likashuka. Mama Matundu alimlaza Mgeni kitandani chumbani, akarudi sebuleni, akaweka vikombe viwili vya chai mezani. Akatia vifungo. Akamweleza kama alivyoelezwa, hatua kwa hatua, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumwambia. Alipofika kwenye kurudisha, fundi bomba alimkatiza.

"Kwa hiyo mimi bado ninacho."

"Unacho."

"Nilijua kimeshapita."

"Hata mimi nilijua kimeshapita."

Alikaa chini. Hakuuliza majibu, alikuwa ameshayaona. Alishika tama, na mkewe akasimama mbele yake kama anayesubiri hukumu.

"Nilikusukuma," alisema. "Wewe ulikataa, mimi nikakusukuma."

"Mimi mkokoteni nisukumwe?" Sauti ilimtoka imekwaruza. "Nilikubali kwa kinywa changu. Nilimtaka kama ulivyomtaka. Usinipunguzie mimi ili ujiongezee wewe."

Hapo ndipo alipolia, na mumewe akalia naye, watu wazima wawili na vikombe vya chai visivyo na chai. Kwa sababu hiyo hawakumwona Bi Mkubwa. Wiki ile hakwenda shule, alikuwa anapona kutoka kwenye maumivu ya siku zilizopita, na alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani amejifunga shuka. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Alikuja mpaka mezani, akachungulia kikombeni, akatoa kifungo chekundu kwa vidole viwili.

"Kwa hiyo hiki ndicho mimi?"

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama anayetaka kujua kiti chake ni kipi. Muda wote huu Mama Matundu alikuwa akisema zamu, akisema tumekula, akisema tumeshachota, na hata mara moja hakujiuliza ni nani ndani ya nyumba ile aliyekuwa akisikiliza.

"Hapana," alisema. "Hicho ni changu. Na kimoja ni cha baba yako. Wewe ulivipokea tu."

"Lakini ulisema mimi ndiye nilikuwa zamu yenu mbaya. Ulimwambia Mama Pindo. Nilikusikia."

"Nilisema. Nilisema neno baya, mwanangu, nikadhani ni hesabu."

Bi Mkubwa alikigeuza kifungo, akakiangalia upande wa pili.

"Mngejua kwamba kinarudi, mngezaa tena?"

Fundi bomba aliinamisha kichwa. Lilikuwa swali la haki, na lingeweza kujibiwa kwa uongo mzuri. Mama Matundu alimtazama binti yake: mkono mwembamba, macho yenye umanjano, mdomo uliozoea kuamrisha.

"Sijui," alisema. "Hapo sijui, na sitakudanganya. Ila kitu kimoja nakijua. Kuchota ni kwa mtu asiyejua anachopata. Wewe nakujua. Leo hii wakinipanga watoto wote wa dunia mbele yangu, nakuchagua wewe, macho wazi. Na huyo aliyelala nakuja kumchagua wa pili."

"Na maumivu je?"

"Hayo nisingeyachagua. Hata ya dakika moja."

Mtoto alilipima jibu lile kwa uzito wake wote wa kiranja. Kisha akakirudisha kifungo kikombeni, akaenda chumbani, na wazazi wakamfuata kwa kuwa hawakujua pa kwenda kwingine. Mgeni alikuwa amelala chali, nyayo nje, kwa maana kulikuwa na joto. Bi Mkubwa alivuta ncha ya shuka lake mwenyewe, akamfunika.

"Asiachwe miguu wazi. Jioni baridi inakuja na wewe hujui," alisema. "Na akianza kulia, mama, usimtikise."

"Nisimtikise?"

"Kama unavyonitikisa mimi. Unanibeba, unanitikisa, unasema nyamaza nyamaza. Inaongeza."

Mama Matundu alikaa ukingoni mwa kitanda. Kila usiku wa maumivu, wodini na nyumbani, miaka kwa miaka, alimpakata mtoto huyu na kumtikisa, na mtoto akanyamaza, naye akashukuru kwamba amemtuliza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia na wewe."

Nje mtu aliburuta ndoo uani. Mgeni akakunja uso usingizini, akajinyosha, akaanza kuguna kama anayetaka kuamka na kudai haki zake, na mama akanyoosha mikono kumchukua, halafu akaiacha hewani.

"Nimshikeje?" aliuliza.

Bi Mkubwa alipanda kitandani, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu yake iliyokuwa bado inauma, akaomba apewe mdogo wake mapajani. Kisha akaanza kumwonyesha mama yake pa kuweka mkono.